Mzigo unapanda Dar, Mwanza tunahesabu malori

Nimechoka na habari za bandari zinazoishia Kurasini, bandarini Dar. Kila zikisomwa ni zilezile, shehena imepanda, meli zimeongezeka, makontena yanashuka haraka kuliko zamani, na juzi kwenye daladala ya Buhongwa dereva akaongeza kabisa sauti ya redio na abiria wakafurahi. Mi pia nafurahi, ile foleni ya meli kule nje ilikuwa aibu yetu sote. Magati yameongezwa kina mpaka mita 14.5, mwaka 2023 wakasaini na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, kelele zikawa nyingi na wasiwasi wangu mwingine mpaka leo haujaisha, ila mashine zimekuja na kazi inaonekana, hilo sibishi. Sasa mzigo ukishashuka unaelekea wapi? Hilo ndo swali ambalo watu wa Mwanza tulitakiwa kuliuliza asubuhi na jioni, na hatuliulizi.

Tuseme ukweli, mzigo wa nchi jirani unaoipa Dar jeuri ni wa Congo na Zambia, unatokea Tunduma huko mpakani mwa Zambia, sisi hautuhusu. Mganda yuko Mombasa. Mombasa mwaka 2024 wamevuka tani milioni 41 na makontena milioni 2 kwa hesabu ya futi 20, na kwenye mzigo wa kupita mteja wao namba moja ni huyo huyo Mganda ambaye tunachangia naye Ziwa Victoria, ambaye Port Bell yake iko hapo hapo Kampala. Nusu ya ziwa hili iko Tanzania. Reli imefika hapa mwaka 1928, kabla bibi zetu wengi hawajazaliwa, na ilijengwa ikashuka mpaka majini. Yaani njia ipo, imekaa pale tangu enzi hizo, alafu kontena la Kampala linapanda lori Dar na kuzunguka mpaka Mutukula, mpakani mwa Uganda.

Kama hujawahi kuona MV Umoja ikipakia pale bandari ya Mwanza South, omba ruhusa siku moja uende ukaone. Kichwa cha treni kinasukuma mabehewa taratibu yanaingia tumboni mwa meli kwenye reli zilizolazwa humo humo ndani, meli inainama kidogo upande uliopokea, wanaingiza upande wa pili inakaa sawa, vijana wanapita chini wakifunga minyororo kwenye magurudumu, na mzigo wenyewe haujaguswa na mtu, haujapanda kichwani kwa kuli yeyote. Inabeba tani 1,200. Weka lori moja tani 30, hapo umetoa malori 40 barabarani kwa safari moja. Na hii ni meli ya miaka ya 60! Ilisimama kwenda Port Bell kama miaka 10 hivi, ikarudi 2018, tukashangilia, alafu tukahamia kushangilia mambo mengine.

Sasa nije kwenye linaloninyima usingizi. SGR, reli mpya ya kisasa, ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inajengwa tangu 2021, na siku itakapounganika na Dar nitakuwa wa kwanza stesheni. Lakini reli hiyo upana wake ni milimita 1,435. Reli iliyolazwa ndani ya Umoja ni ya mita moja, ile ya zamani. Behewa la SGR haliingii mle, halitaingia hata tukeshe tunaomba. Kwa hiyo treni ya mzigo ikifika hapa kuna njia mbili tu, aidha kuwe na meli na gati zenye reli ya upana mpya, au kuwe na kreni za kunyanyua kontena kutoka kwenye behewa kwenda melini na uwanja wa maana wa kuyapanga. Vikikosekana vyote viwili kontena litashushwa Mwanza, litapandishwa kwenye semi, litapita daraja jipya la Kigongo-Busisi na kuelekea Mutukula kwa barabara. Trilioni za reli, alafu mwisho wa yote lori! Ahadi za meli mpya za mizigo tunazisikia, sikatai, ila reli na meli zinatakiwa zifike pamoja, sio moja itangulie miaka sita ikimsubiri mwenzake huku mteja akizoea kwenda kwingine. Mteja wa bandari akishazoea njia kumrudisha ni kazi kubwa sana, ana wakala wake kule, ana dereva wake, ana godauni amelipia, hawezi kuacha vyote hivyo kwa sababu sisi tumemaliza kujenga.

Nalisikia kila nikipita Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki. Mama mmoja anayesafirisha dagaa, magunia yake yameshonwa yamepangwa yanasubiri Fuso, nikamuuliza mama mbona hutumii meli, akanijibu, "Mwanangu, lori najua linaondoka lini." Hakuongelea bei wala hakulaumu mtu. Ratiba tu. Na huyo huyo akitaka ndizi za Bukoba anazipata kwa meli bila shida, kwa sababu MV Victoria tangu irudi 2020 watu wanajua siku zake, mikungu inashuka alfajiri na saa mbili iko sokoni. Kumbe meli ikiwa na siku inayojulikana mzigo unaifuata wenyewe.

Kuna watakaosema ziwa linaua. Ndiyo, na sisi ndo tuliozika, MV Bukoba 1996 zaidi ya watu 800, MV Nyerere 2018 pale Ukara zaidi ya 200, hakuna familia huku isiyo na jina kwenye hayo. Lakini hilo ni la kujaza watu kupita kiasi na kupuuza ukaguzi, na barabara nazo zinatuzika kila wiki. Maji kupanda pia ni kweli, Mei 2024 ziwa limevunja rekodi ya 2020, kwa hiyo magati yajengwe kwa kuangalia hilo.

Ninachotaka ni kwamba siku wakisoma tani za Dar wasome na za bandari za ziwani, Mwanza South, Kemondo, Musoma na Nansio, taarifa hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, hata kama ni kidogo kiasi cha kutia aibu. Na wabunge wa mikoa ya ziwa wasimame waulize jambo moja tu: treni ya kwanza ya makontena ikiingia Mwanza, meli gani itakuwa gatini kuyapokea, na gati lipi?