Modeli kubwa za vyombo vya anga: vipande vya seti au printa ya 3D?

Wajenzi wa modeli kubwa za vyombo vya anga vya filamu, wale wanaoanza na karatasi tupu za plastiki badala ya seti iliyotoka kiwandani tayari kuunganishwa, wamegawanyika siku hizi kuhusu jambo moja. Je, vijisehemu vinavyojaza uso wa chombo vitokane na masalia ya seti za vifaru, meli na magari, au vichorwe kwenye kompyuta na kuchapishwa kwa printa ya 3D?

Wanaotetea masalia wana historia upande wao. Mafundi walioandaa vyombo vya filamu ya Star Wars huko California katikati ya miaka ya 1970 walinunua seti za plastiki kwa wingi, zikiwemo za vifaru na mizinga ya Vita Vikuu vya Pili, wakazinyofoa na kubandika vipande vyake juu ya maumbo yao. Hawakuwa wa kwanza, kwani filamu ya 2001: A Space Odyssey, iliyotoka mwaka 1968, ilikwisha kuitumia njia hiyo, na modeli yake kubwa ya chombo cha Discovery ilikuwa na urefu wa takriban mita 16. Ilikuwa njia ya mkato ya kupata maelfu ya maumbo madogo bila kuyachonga moja moja.

Nguvu ya masalia, kwa maoni yangu, inatokana na asili yake. Kila kipande kilinakiliwa kutoka kwenye mashine ya kweli, hivyo boliti zake zina sababu ya kuwepo na mabomba yake yanatoka mahali na kwenda mahali. Chasisi ya gari la kivita la skeli ya 1/35, yaani dogo mara 35 kuliko gari halisi, ikigeuzwa juu chini na kukatwa katikati, huwa mtambo ambao jicho linauamini papo hapo hata kama akili haijui unafanya kazi gani. Mchoraji wa kompyuta, asipojihadhari, huishia kunakili visanduku vilevile kwa nafasi zilezile. Isitoshe, gundi ya majimaji huyeyusha plastiki ya seti na kuziunganisha sehemu mbili zikawa kitu kimoja, ilhali resini, plastiki ya majimaji ambayo printa huigandisha, haiyeyuki ikishachapishwa. Resini hiyo inahitaji supaglu, na mara nyingi msasa wa kuondoa mistari ya tabaka inayoachwa na printa.

Hata hivyo, masalia yana hatari yake. Gurudumu la kifaru likiachwa litambulike kuwa gurudumu, chombo kinachodaiwa kuwa na urefu wa kilomita nzima husinyaa mara moja kikawa kitu cha mezani.

Halafu kuna gharama, na hapa watetezi wa printa wana hoja nzito. Anayetaka nakala halisi ya chombo cha filamu hutafuta seti zilezile za wakati ule, ambazo nyingine hazitengenezwi tena, naye hujikuta akinunua seti nzima ya zamani kwa ajili ya kipande kimoja chenye ukubwa wa ukucha. Mafundi wa awali walichukua kilichopatikana kwa urahisi dukani. Kuwaiga kwa kusaka kilichoadimika ni kufuata mkono wao na kuiacha akili yao. Kwa nakala za namna hiyo, sioni aibu yoyote katika kuchapisha. Kwa chombo alichokibuni mjenzi mwenyewe, masalia bado yanashinda, kwa sababu hakuna kipande maalumu kinacholazimika kupatikana.

Ukubwa nao unalazimisha njia hizi mbili zitumike pamoja. Modeli ya Star Destroyer, meli ya kivita yenye umbo la kabari, ya filamu ya kwanza ya Star Wars ilikuwa na urefu wa sentimita 91 hivi, lakini ile iliyojengwa kwa filamu ya mwaka 1980 ilikaribia sentimita 260. Katika kipimo hicho, injini tatu kuu za nyuma lazima zifanane kabisa, na hapo printa haina mpinzani. Mfereji wa ubavuni, unaotenga nusu ya juu na nusu ya chini kuanzia ncha hadi nyuma, ndio wa kuachiwa masalia, kwa kuwa pale hakuna sentimita mbili zinazopaswa kufanana.