Sikupigwa na Kondoo, Nilikwama Ukutani

Kwa kuwa kuna mwenzetu wa hapa Leeds ameshaimwaga video yangu kwenye kila grupu la Wabongo, eti nimepigwa na kondoo, acheni niseme mwenyewe. Sikupigwa na kondoo. Nilikwama ukutani. Kondoo alikuja kuangalia tu.

Mnaijua Thwaite? Hamuijui. Kakitongoji ndani ya bonde la Swaledale, Yorkshire, huku Uingereza: nyumba chache za mawe, kijito, na mabanda ya mawe yaliyotapakaa malishoni. Kimya chake, ukipiga chafya pale wanakuombea afya Muker, kijiji cha jirani.

Huko Muker ndiko tulikokuwa tunaenda, kwa miguu. Kule njia inakatiza katikati ya shamba la mtu na sheria inakuruhusu. Ila kila shamba lina ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, wameacha mwanya, juu mpana, chini mwembamba, ili mtu apite na kondoo abaki. Aliyeupima hakuwahi kuona mapaja yaliyolelewa kwa wali wa nazi Tanga.

Kuna na kigeti kidogo chenye springi. Nikakivuta. Mguu wa kulia, huyoo, ukapita. Wa kushoto ukafika gotini. Nikabana pumzi, nikajisukuma (nyie mnaocheka, subirini kwanza), paja likaingia, likakaza ndi! Mawe yamenikumbatia kulia na kushoto kama mashangazi wa bibi harusi. Natafakari, kigeti kikajirudia. Paa! Makalioni.

Ndipo akaja yeye. Uso mweusi, pua nyeupe, pembe zimejikunja. Akanusa mfuko wenye chapati, kisha akaanza kutafuna kamba ya jaketi, taratibu, ananitazama machoni.

Nyuma nikasikia mtu anakohoa. Mzee na mkewe, na mbwa. Nyuma yao vijana wawili na mabegi. Jamani, wamepanga foleni! Hakuna aliyeuliza kama nimekwama. Mzee akasema leo kuna hali ya hewa nzuri. Nikajibu nzuri sana, asante. Bibi akaniambia nisiwe na haraka. Haraka ya kwenda wapi, bibi yangu?

Mwenzangu wakati huo? Anarekodi.

Mwishowe yule bibi akanielekeza nijiinue kule juu kwenye upana, nigeuke ubavu. Nikatoka. Suruali haikutoka yote. Nikafika Muker nimefunga jaketi kiunoni.

Dada, kama unasoma hapa, ile suruali ya Krismasi usiiulizie.