Beki wa hoki na shuti lisilopigwa

Msimu wa 2022/23 Erik Karlsson wa San Jose Sharks alifikisha pointi 101, mabao na pasi za mabao kwa pamoja. Beki wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini, hakuwa amegusa 100 tangu Brian Leetch, msimu wa 1991/92. Ila kwenye safu ya chanya na hasi, inayolinganisha mabao ya kufunga na kufungwa mchezaji akiwa barafuni, alimaliza na hasi 26. Akapewa tuzo ya Norris, ya beki bora. Sasa tuamini namba ipi?

Chanya na hasi wachambuzi waliitilia shaka zamani, na walikuwa na haki: beki anabebeshwa madudu ya kipa. Wakashika Corsi, inayohesabu kila jaribio la shuti la timu zote mbili, liwe limelenga lango, limetoka nje au limezuiwa. Majaribio ni mengi kuliko mabao, kwa hiyo bahati inapungua nguvu. Yule beki anayejilaza mbele ya mashuti usiku kucha, jukwaa linamwita shujaa. Corsi inauliza mbona kisahani, kinachochezwa badala ya mpira, hakitoki upande wake. Hapo mimi niko na namba.

Tatizo linaanza kwa beki kama Jaccob Slavin wa Carolina Hurricanes. Mshambuliaji anamjia kasi. Slavin anateleza kinyumenyume, gongo limenyooshwa chini, wala hamgusi mtu. Anamsogeza taratibu kuelekea ukutani mpaka, karibu na mstari wa buluu, unakoanzia eneo la ulinzi, mshambuliaji yule anakosa njia, anakisukumia kisahani mbele na kurudi benchi. Hakuna shuti, hakuna cha kuandika. Namba za Slavin ni nzuri, sikatai, lakini faida ya tukio lile wanagawana wote watano waliokuwa barafuni, hata aliyekuwa anavuta pumzi upande wa pili.

Watakwimu wanalijua hilo. Wana mahesabu ya kumtenganisha mchezaji na wenzake, wapinzani wake na eneo anakoanzia mchezo. Kwa mabeki, hata hivyo, wanakwama mahali pabaya: mabeki hucheza wawiliwawili. Wakiingia na kutoka pamoja karibu kila mara, hesabu haina pa kushika ili iseme nani anambeba nani. Na kocha humtupia beki anayemwamini washambuliaji wakali kuliko wote, kisha sisi tunashangaa mbona anapigiwa mashuti mengi.

Jicho nalo si hakimu wa kutegemewa. Linakumbuka kosa moja lililozaa bao na kusahau pasi 20 safi za kutoka nyuma. Ningemsikiliza skauti, msaka vipaji wa timu, aliyetazama mechi 30 za beki mmoja. Shabiki wa vipande vya video, hapana.

Karlsson alihamia Pittsburgh Penguins msimu uliofuata. Pointi zikashuka hadi 56. Beki yuleyule, wenzake wapya.