Puzur-Inshushinak: mkombozi wa Elamu, au liwali aliyejitawaza?

Katika makumbusho ya Louvre ipo sanamu ya chokaa ya Narunte, mungu wa kike, iliyofukuliwa Susa, mji wa Elamu, nchi ya kale iliyokuwa kusini-magharibi mwa Irani ya leo. Wasomaji wa Biblia wanaujua kwa jina la Shushani. Kiti chake kimechongwa simba. Maandishi yake ni ya namna mbili: kikabari (mwandiko wa alama za umbo la kabari) cha Kiakadi, na alama za mistari za Waelamu wenyewe. Aliyeitengenezesha ni Puzur-Inshushinak, aliyetawala karibu 2100 KK, wa mwisho kati ya wafalme 12 wa Awan, ukoo wa kifalme wa Elamu.

Wapo wanaomwita mkombozi, na hoja yao ina uzito. Susa ilikuwa imetawaliwa na Akadi, dola ya Mesopotamia, yaani Iraki ya leo. Dola hiyo ilipolegea, yeye aliyekuwa na cheo cha uliwali akajiita mfalme. Anajigamba kwamba aliteka miji zaidi ya 70, na kwamba mfalme wa Shimashki, nchi nyingine ya Waelamu, alikuja kumshika miguu. Majigambo ya wafalme ni ya kupokea kwa tahadhari, lakini hapa adui yake mwenyewe anatoa ushahidi: Ur-Nammu, mfalme wa mji wa Uru huko Mesopotamia, anaitaja miji aliyomnyang'anya, ikiwemo Eshnunna na Akadi yenyewe. Mtu hataji ushindi juu ya asiye kitu.

Linalonitatiza ni hoja ya mwandiko. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba alibuni zile alama ili kuikataa Akadi, na kwamba zilikufa pamoja naye. Mwaka 2022 mwanaakiolojia François Desset na wenzake walichapisha usomaji wa alama hizo, wakitegemea sana vyombo vya fedha vyenye majina ya watawala wa baada yake. Wanaopinga wanauliza vyombo hivyo vilitoka wapi, maana havikufukuliwa na wataalamu. Swali hilo ni la haki kabisa, na linaniuma, kwa kuwa chombo kikichomolewa ardhini bila kumbukumbu, nusu ya habari zake hupotea. Hata hivyo, kama usomaji ni sahihi, mwandiko ulimpita umri.

Tena maandishi yake mengi ni ya Kiakadi. Anapomlaani atakayefuta jina lake, anamwomba Inshushinak, mungu wa Susa, kisha Shamash, Enlil, Ishtar na Sin, miungu ya Mesopotamia, wamng'oe msingi na kuangamiza uzao wake. Mimi namwona mtawala hodari aliyetaka aeleweke pande zote mbili za mpaka. Hilo jina la mkombozi tumempa sisi. Yeye alijiita mfalme wa Awan, mwenye nguvu.