Stokingi Zimerudi, Viti vya Matatu Havina Habari

Katika mji huu wa Nairobi kila kilichokufa hufufuka, isipokuwa mshahara wangu. Suruali pana chini, ambazo marehemu baba alivaa kwenda kupigwa picha River Road, zimefufuka. Viatu vya soli nene vimefufuka. Vibegi visivyotosha hata simu na kitambulisho vimefufuka. Na sasa, jamani, stokingi! Zile nyembamba za makarani wa miaka ya themanini, zile tulizozika bila matanga, naziona zikipita Moi Avenue mchana kweupe, miguuni mwa wasichana waliozaliwa mama zao wakiwa wameshazitupa.

Sina ugomvi na mguu wa mtu. Mguu ni wake na stokingi ni yake. Ugomvi wangu ni kwamba anayelipa ni mimi.

Anayeniletea habari hizi nyumbani ni binti yangu Mercy, yuko chuo, na simu yake inajua mambo ya Paris kuliko inavyojua nambari ya babake. Jumapili moja alitoka chumbani tayari kwa kanisa, amevaa nyeusi zenye madoadoa. Mama yake akasema, "Umependeza." Mimi nikauliza, "Umeshikwa na tetekuwanga lini?" Tangu siku hiyo napewa masomo bila kuomba.

"Baba, umebaki nyuma. Saint Laurent, wale wabunifu wa mavazi wa Paris, mwaka 2024, karibu nguo zote walizoonyesha zilitengenezwa kwa kitambaa cha stokingi."

"Zote?"

"Blauzi, sketi, kila kitu."

Akanionyesha picha. Kweli, unaona mpaka chakula cha mchana cha aliyevaa. Akanionyesha na wengine, Miu Miu, 2023: msichana amevaa stokingi, na sweta amelichomeka ndani ya hiyo stokingi, kiunoni pamejikunjakunja. Nikamwambia huyo hana mtindo wowote, huyo alikuwa anakimbilia gari. Mimi mwenyewe huchomeka shati hivyo kila Jumatatu alfajiri, na hakuna aliyewahi kuniita Paris.

Lakini mtoto hasemi uongo, zinarudi kweli. Pita Tom Mboya Street jioni uone. Kwenye vibanda wametundika miguu ya plastiki iliyokatwa kiunoni, mmoja kavishwa wavu, mwingine maua, mwingine nyekundu ya kuumiza macho. Mtu umetoka kazini umechoka, unainua kichwa kutafuta gari, unakuta safu nzima ya miguu imekuelekezea teke.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jambo hili tulilianza sisi wanaume, tukaliacha, na deni likabaki kwetu. Mtazame Louis XIV wa Ufaransa katika ile picha yake maarufu aliyochorwa na Rigaud mwaka 1701. Mfalme mzima, miaka sitini na zaidi, amesukuma joho kando ili dunia yote ione stokingi zake nyeupe na visigino vyake vyekundu. Mlete na mavazi hayo steji ya Umoja leo uone kama makanga hatamwambia, "Ingia hapa mbele, siste, tunaondoka." Hata mashine ya kwanza ya kuzifuma ilibuniwa na mwanamume, William Lee wa Uingereza, mwaka 1589. Malkia Elizabeth I akamnyima hati ya kulinda ubunifu wake, eti wafumaji wa mikono watakosa kazi. Huyo ndiye kiongozi wa mwisho ninayemjua aliyejaribu kuniokoa.

Halafu zikaja za nailoni. Uzi wenyewe ulitoka maabara ya Wallace Carothers, kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1935, na tarehe 15 Mei 1940 stokingi zake zikafika madukani nchi nzima. Wanawake wakazinyakua. Marekani ilipoingia vitani, nailoni ikapelekwa kutengeneza parachuti, kina mama wakabaki kujipaka rangi miguuni na kujichorea mshono wa nyuma kwa penseli ya nyusi. Vita vilipokwisha, mjini Pittsburgh, mwaka 1946, watu wapatao 40,000 walipiga foleni kugombea jozi 13,000. Mercy aliponisomea hayo alidhani nitashangaa. Nishangae nini? Hiyo ni hesabu ya abiria na magari saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha.

Mpaka wakati huo stokingi zilikuwa mbili, kila mguu na yake, zinashikiliwa kwa mikanda na vibanio. Aliyeziunganisha na chupi zikawa kitu kimoja ni Allen Gant wa kiwanda cha Glen Raven, North Carolina, mwaka 1959. Inasimuliwa kwamba mkewe alikuwa mjamzito, mikanda ikamtesa, akamwambia mumewe afanye jambo. Hapo namwelewa mwenzangu. Mke mjamzito akisema fanya jambo, unafanya. Mimi niliagizwa embe mbichi usiku wa manane, na nililileta. Lakini fikiria hesabu yake. Zamani ikitoboka moja, ile nzima unaitafutia mjane mwenzake na maisha yanaendelea. Siku hizi mguu wa kushoto ukishika msumari, wa kulia nao unatupwa ukiwa na afya njema.

Zilipofika kwetu zilikuja na rangi mbili: nyeusi, na ile iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa ni rangi ya ngozi, bila kutaja ngozi ya nani. Nakumbuka nikiwa kijana nikipeleka barua za kuomba kazi. Unamkuta karani nyuma ya taipureta, uso wa Kitui, mikono ya Kitui, akisimama kwenda kwenye kabati la mafaili unaona kuanzia gotini kwenda chini ni Uholanzi. Dada yangu mkubwa naye alikuwa akipiga taipu mjini, na yeye hakukubali. Alikuwa akizichemsha kwenye sufuria pamoja na majani ya chai mpaka zinakiri kwamba ni za Nairobi. Nailoni hunywa rangi ya chai vizuri sana. Sisi wengine wa nyumba hiyo tulikunywa maji moto. Leo angalau zinauzwa kahawia za kila daraja, na hilo nalipongeza kwa moyo mweupe, maana majani ya chai yamepanda bei.

Sasa ziliuawa na nini? Watakuambia ni wanawake kuanza kuvaa suruali maofisini. Wengine watakuambia ni joto, ni uvivu, ni wakubwa wa kazi kuacha kukagua miguu ya watu. Mimi nasema ziliuawa na matatu. Na matatu bado iko barabarani, bila breki na bila majuto.

Elewa kwanza kitu chenyewe kilivyo. Unene wa stokingi hupimwa kwa denia: unachukua uzi wa mita 9,000, unaupima ni gramu ngapi. Kilomita tisa hizo ni karibu mwendo wa kutoka mjini hadi kwetu Umoja. Kwa hiyo uzi wa denia 15 ungeuvuta kutoka mjini, ukaupitisha Jogoo Road na msongamano wake wote, ukaufikisha mlangoni kwangu, kisha ukaukusanya kwenye mizani, ungekuta gramu 15. Andazi la mama wa kona linaushinda huo uzi, na andazi lake siku hizi ni hewa tupu. Kitu hicho ndicho unakipandisha matatu!

Kiti cha matatu kilishonwa na mtu mwenye hasira na chuma cha kutosha. Kifuniko kimepasuka, ndani ya mpasuko kuna waya, waya una ncha, na ncha haina haraka. Ukiukwepa waya, kuna boliti ya kiti cha mbele, imewekwa sawasawa na goti. Ukiikwepa boliti, jirani yako amepakata kikapu chenye kuku, na kuku hafuatilii mambo ya Paris. Hapo makanga hajaanza: "Songa, madam, songa, hapo ni pa watatu!" Unasonga. Krrr.

Mke wangu alinunua za shilingi mia mbili, denia 15, za kwenda harusi ya mpwa wake. Zilikata roho kabla ya Donholm. Ulikatika uzi mmoja tu, kisha zikaanza kufumuka kutoka gotini, taratibu, mbele ya macho yetu, zikielekea kwenye kifundo, na hakuna aliyejua tufanye nini. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akachomoa kichupa cha rangi ya kucha mkobani, akatupatia bila kuombwa. Ndiyo dawa yake: unapaka tone pale mwisho wa mpasuko, linakauka, ufumukaji unasimama. Huo ndio mfumuko pekee nchini niliowahi kuona ukidhibitiwa. Ila rangi yenyewe ilikuwa ya zambarau. Kwenye picha za harusi bibi arusi anacheka, bwana arusi anacheka, mke wangu ana doa la zambarau mguuni na ananitazama mimi, utafikiri mimi ndiye kiti.

"Baba Mercy," aliniambia tukirudi, "ungekuwa na gari."

Unaona sasa? Mjadala ulianza na uzi wa gramu 15 ukaishia kwenye mkopo.

Na tafadhali msinihesabu pamoja na wale wanaume wa steji wanaotoa hukumu juu ya kila mguu unaopita. Novemba 2014 wanawake waliandamana hapa mjini baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume kwenye steji, wakasema nguo ni yao na uamuzi ni wao. Hapo sina mzaha hata chembe. Mimi nalalamikia kiti na mfuko, basi.

Haya, njoo Julai. Watu wa pwani hawaamini kuna baridi Nairobi mpaka washuke kwenye basi la usiku na shati la mikono mifupi, ndipo wanaanza kuuliza njia ya soko la mitumba la Gikomba meno yakigongana. Huu mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Julai ikifika mawingu yanakaa juu ya paa na jua linatokea saa nane kusalimia tu. Na hapo ndipo nilipogundua ambalo Mercy hakuniambia: stokingi zinazorudi kwa nguvu hapa si zile za maonyesho. Ni zile nene zenye manyoya ndani. Zina hila hizo! Juu ni kitambaa cheusi chepesi, chini yake kuna tabaka la rangi ya ngozi, lenye joto. Kwa mbali unadhani dada wa watu amejitoa mhanga kwa ajili ya urembo, kumbe amevaa blanketi. Ukikaribia utaona ile ngozi ya ndani bado ni ya Uholanzi, tena Mholanzi aliyesinzia juani Diani. Lakini waya wa kiti ukizigusa, unateleza. Boliti inagonga, inaomba radhi.

Hizo ndizo zimeshika mji. Wasichana wa shule wanazivaa chini ya sketi. Mama mboga wetu, ambaye saa kumi alfajiri yuko Marikiti akichagua nyanya, anavaa mbili na leso juu yake, na hajui Saint Laurent ni mtu au ni kanisa. Nikimweleza Mercy kwamba mtindo wa mji unaamuliwa na mama mboga, ananiambia, "Baba, hizo si fasheni, hizo ni za baridi." Kana kwamba Louis XIV alikuwa na hita.

Hata Ochieng, jirani yangu wa boda boda, mwanamume anayepandisha mtungi wa gesi ghorofa ya tano kwa mkono mmoja. Juzi alikuwa anarekebisha mnyororo wa pikipiki, suruali ikapanda juu kidogo, nikaona weusi unaong'aa. Nikanyamaza. Akaona nimeona.

"Mzee," akasema bila kuinua kichwa, "upepo wa Outering saa kumi na moja asubuhi haumuulizi mtu ni mwanamume au ni nani."

"Zinafanya kazi?"

"Mzee, mimi magoti nimeyarudisha."

Sikuuliza zaidi. Mimi nazungumza tu habari za jirani. Ila Jumamosi nilikuwa na shughuli zangu upande wa Gikomba, nikajikuta nimesimama mbele ya kibanda cha mama mmoja, nikamwambia nataka zile za manyoya, nyeusi, za mke wangu.

"Mkeo ana urefu gani, baba?"

"Urefu wangu huu huu."

"Na kiuno?"

Nikafikiri kidogo. "Kama changu tu."

"Kiatu anavaa namba ngapi?"

"Arobaini na tatu."

Alinitazama kutoka kofia hadi soli, akachomoa pakiti mbili za saizi ya mwisho kabisa, akazifunga kwenye gazeti polepole.

"Mia saba zote mbili. Baridi haipenyi hapo. Msalimie sana mkeo, baba, na umwambie anyoe ndevu."