Marehemu Kaongezewa Wiki Nane

Mimi sina ugomvi na mtu anayelia. Macho yake, leso yake. Ila mtu akinililia kitu ambacho miaka nenda rudi amekipita bila kugeuza hata shingo, niacheni nigune.

Nazungumzia The Phantom of the Opera. Mchezo huu wa muziki ulizinduliwa tarehe 26 Januari 1988 katika ukumbi wa Majestic, Mtaa wa 44, hapa New York, na tangu hapo ukawa unachezwa mara nane kwa wiki. Nane! Mvua inanyesha, theluji inaanguka, wao wamo ndani wanaimba. Watoto wakazaliwa, wakasoma, wakaoa, wakaachana, mchezo uko palepale. Na kila nilipomwambia mke wangu twende siku moja tukauone, jibu lilikuwa, "Si upo tu, baba watoto? Kwani unakwenda wapi?"

Septemba 2022 wenyewe wakatangaza kwamba unafungwa. Narudi kazini jioni, namkuta mwenzangu kakaa kitako kwenye zulia, simu mkononi, analia kwa kwikwi. Moyo ukanipasuka. Nikajua tayari, imepigwa simu kutoka nyumbani. Nikauliza, nani? Akasema, "Phantom." Nikaketi na mimi. Nikauliza kwa upole: huyo ni wa upande wa mama au wa baba?

Toka siku ile sijasamehewa.

Kesho yake nikagundua kumbe mji mzima umefiwa. Kila niliyekutana naye alikuwa shabiki tangu tumboni. Jamaa mmoja tunayefanya naye kazi, mtu ambaye sijapata kumsikia akiimba hata akiwa peke yake kwenye lifti, ananiambia hajala tangu asubuhi kwa majonzi. Nikamuuliza mara ya mwisho aliuona lini. Akafikiri sana. Akasema walipelekwa na shule.

Sasa jamani, kama nyote mliupenda hivi, nani aliyeviacha vile viti vitupu? Majestic ina viti zaidi ya 1,600, na kuvijaza mara nane kwa wiki hakuhitaji mapenzi ya moyoni. Kunahitaji makalio. Korona iliwafungia milango Machi 2020, wakafungua tena Oktoba 2021, watalii wengine hawakurudi na gharama zikawa zinapanda tu. Na mchezo wenyewe haukuumbwa kwa kubana matumizi: wapiga muziki 27 wamejipanga kule shimoni mbele ya jukwaa, mavazi kwa mamia, na ukijumlisha waigizaji, mafundi na wanamuziki unapata watu kama 125 wanaosubiri mshahara. Tiketi zilikuwa zinapunguzwa bei siku hiyohiyo pale kibandani Times Square, na hawa mashabiki wa tangu tumboni wanapita na vikombe vyao vya kahawa, wana haraka.

Kutangazwa tu kifo, foleni! Tiketi zikagombewa hadi wenyewe wakasogeza mazishi mbele. Ilikuwa tarehe 18 Februari 2023, ikawa 16 Aprili. Wiki nane za nyongeza. Nimehudhuria misiba mingi, lakini sijawahi kuona mazishi yakiahirishwa kwa sababu marehemu anaingiza hela. Ikafika mahali mapato ya wiki moja yakapita dola milioni 3, fedha ambazo akiwa mzima hakuwahi kuzigusa. Na sisi wafiwa je? Tulikuwa tumeshajipanga kulia Februari! Mke wangu alishaomba ruhusa kazini, alishawaaga watu, alishachapa maneno ya huzuni mtandaoni na kupewa pole na watu asiowajua. Ikabidi tukunje mkeka, tupumzike kidogo, tuanze matanga upya.

Lakini linalonikera zaidi si hilo. Ni huyo mtu mwenyewe anayeliliwa, Phantom, yule mwenye kinyago aliyeupa mchezo jina. Hebu tumtazame vizuri. Anaishi chini ya jumba la opera la Paris, ng'ambo ya ziwa, ana mashua na mishumaa isiyo na idadi. Kodi halipi hata senti. Tena wenye jumba ndio wanaomlipa yeye, faranga 20,000 kila mwezi! Na boksi namba tano, kile kijichumba cha viti pembeni mwa ukumbi, liachwe wazi kila onyesho, la kwake. Wakichelewesha mshahara anawaandikia barua, tena za adabu kabisa, za mtu anayejua haki zake. Mimi ninapanga vyumba viwili katika mji huu, nikipigilia msumari ukutani mwenye nyumba ananipigia simu kabla sijashuka kwenye kigoda, na hakuna aliyewahi kunitungia wimbo.

Si hayo tu. Kamnyonga fundi wa jukwaani. Kamuua mwimbaji wa watu. Kamteka binti, Christine, kampeleka shimoni usiku na kumwita mwanafunzi wake. Mwisho binti anambusu kwa huruma, yeye anamwachia aende zake, na ukumbi mzima, watu wazima wenye akili timamu na bima ya afya, wanasaga meno kwa uchungu: maskini, alikuwa mpweke! Mimi juzi nilisahau kutoa takataka usiku wa gari la taka. Sikusikia mtu akisema maskini, alikuwa mpweke.

Mdogo wake mke wangu tunaishi naye, na yeye yuko upande wa Raoul, yule kijana wa kinabwana mwenye pesa anayempenda Christine. Kwa hiyo chakula cha jioni kikawa hakiliki.

"Dada, wewe mwenzio ana farasi, ana jina, ana meno yote, unamtaka wa shimoni?"

"Wa shimoni ana kipaji."

"Kipaji kinalipa kodi?"

Hapo nikapiga meza nikasema hilo ndilo swali langu miaka yote. Wakanigeukia wote wawili. Shemeji akaniuliza, haya shemeji, wewe ungekuwa Christine ungemchukua nani? Nikasema ningemchukua yule ajuaye bei ya mishumaa. Tukamaliza kula kimya.

Machi, tiketi tukapata. Bei siitaji, maana nikiitaja mke wangu anasema nimeanza. Viti vilikuwa juu kabisa, huko ambako ukikohoa dari inakuitikia. Mchezo unaanza kwa mnada: vitu vya zamani vya lile jumba vinauzwa, mpiga mnada anagonga nyundo na kutamka kwamba kimeuzwa. Basi. Hilo ndilo neno la kwanza. Ukumbi ukalipuka! Vigelegele, miluzi, watu wamesimama, na wala haijajulikana kilichouzwa ni nini. Kikaja kisanduku cha muziki chenye sanamu ya tumbili anayegonga matoazi, mama wa kushoto kwangu akaanza kulia. Nikamchungulia. Mnadani watu hulia wakishalipa, na yeye hakuwa amenunua kitu.

Jamaa wa kulia yeye alikuwa anaimba. Sauti haitoki, midomo tu, lakini anamtangulia mwimbaji kwa nusu sentensi. Nikawa kila neno naliona kabla sijalisikia. Nilipomtazama kwa jicho la kumwambia bwana, hebu, akanitabasamia akidhani na mimi ni mwenzao.

Halafu taa, ile kubwa ya kuning'inia darini. Hapa niseme haki, ile taa ni kitu. Inafunuliwa palepale mnadani, kinanda kinanguruma mpaka kiti kinatetemeka, nayo inapanda taratibu hadi darini ikimwaga mwanga. Uzito wake karibu tani moja. Mwisho wa sehemu ya kwanza inashuka juu ya vichwa vya watu na kuangukia jukwaani. Kila mtu anajua itaanguka. Imekuwa ikianguka tangu 1988. Na watu wanalipa zaidi ili wakae chini yake! Kwetu plasta ya darini ilimeguka kipande cha ukubwa wa kifungo, mke wangu akakataa kulala chumba kile mpaka fundi aje. Huyohuyo sasa ananinong'oneza kwamba nimemkalisha mbali na taa.

Mapumziko yakafika. Majestic ilijengwa 1927, na nahisi zamani zile watu walikuwa hawanywi maji. Foleni ya choo cha kina mama na foleni ya vitu vya kumbukumbu zikachanganyikana, mke wangu akaingia hii akatokea ile, akarudi na kikombe. Kikombe kimefika nyumbani, kiko kabatini. Chai hakitiliwi. Wageni wanaonyeshwa, tena mkononi mwake, hawashiki.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe kuna siku yenyewe, Jumapili ya tarehe 16 Aprili, onyesho la 13,981. Hilo lilikuwa la waalikwa, na viti vichache vikachezewa bahati nasibu. Tukacheza. Bahati ikaenda kwa wenyewe. Mke wangu akafuta machozi akasema basi, twende tukasimame nje. Narudia, mnielewe vizuri: kusimama nje ya jumba ambalo milango yake ilikuwa wazi kwa miaka 35.

Tukasimama. Watu wamevaa majoho, mawaridi mekundu mkononi, mabinti wako kwenye magauni meupe kama wanaolewa wote kwa mpigo. Mbele yangu alikuwepo bwana mmoja wa makamo, joho lake limezoa vumbi lote la Mtaa wa 44, na usoni kile kinyago cheupe cha nusu uso, kimeshikiliwa na mpira unaomkata nyuma ya sikio. Analia. Upande wa kushoto chozi linatiririka vizuri, na leso inalifuata. Upande wa kulia huoni kitu. Mara nikaona tone linachungulia chini ya kinyago, linatambaa hadi kidevuni, linaning'inia. Akajaribu kupenyeza ncha ya leso kule ndani, haipiti. Kukivua hataki, maana wapiga picha wapo. Nikamhurumia kwa dhati. Papo hapo nikakumbuka kwamba juzi tu mji huu ulikuwa unagombana kuhusu barakoa, mtu anasema pua inamwasha, hawezi kupumua, haki zake. Leo kajinunulia mwenyewe isiyoziba hata mdomo.

Yaliyotokea ndani tuliyapata kwenye habari za usiku. Andrew Lloyd Webber, mtunzi mwenyewe, alipanda jukwaani akalitoa onyesho lile kwa mwanawe Nicholas, aliyefariki wiki tatu tu kabla. Hilo silitanii. Sarah Brightman, Christine wa kwanza kabisa, alikuwepo na kuimba pamoja na waigizaji wa zamani na wa sasa, vipande vya karatasi za dhahabu na fedha vikamwagika kutoka juu. Mke wangu alikuwa anatazama kwenye simu huku amekikumbatia kikombe.

Halafu akasimama Cameron Mackintosh, mtayarishaji, yaani kwa lugha yetu huyu ndiye mwenye msiba. Akasema michezo mikubwa yote ameiona ikirudi, kwa hiyo na huu ni suala la muda tu. Nikaruka kutoka kitini. Mwenye msiba anawaambia waombolezaji kwamba marehemu anarudi! Sasa rambirambi zetu tunadai kwa nani? Na wala si kwamba alikuwa amekufa kote. London ameanza kuimba Oktoba 1986 na mpaka leo anaimba. Nilipolisema hilo nikidhani namfariji mtu, mke wangu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza siku ile na macho yakamng'aa, akauliza nauli ya London ni kiasi gani. Nikaenda kutoa takataka.

Na kweli amerudi. Mwaka 2025, mji huuhuu, Mtaa wa 57, kwa jina la Masquerade. Safari hii kinyago unavaa wewe mtazamaji, nguo ziwe nyeusi, nyeupe au za rangi ya fedha, kisha mnaongozwa kwa makundi chumba hadi chumba, ngazi hii hadi ile, mchezo unawatokea mbele ya pua. Nikauliza, tunakaa wapi? Nikajibiwa kwamba hiyo ndiyo raha yake. Yaani tiketi nalipa, shati jeusi nanunua, na kiti chenyewe wamekichukua. Mke wangu anasema safari hii tuwahi mapema kabla hawajatangaza kufunga. Shemeji ameshanipima kinyago, kinanibana puani. Nimewaambia nitakwenda, ila kwanza waniulizie kama boksi namba tano bado lipo, na kama lipo, mimi nitakuwa humo nimekaa, na faranga zangu 20,000 waniletee humohumo.