Mti si nguzo, jamani!

Nani aliwafundisha kukata mti kichwa na kuuita usafi? Mti umetumia miaka 30 kutandaza kivuli, anakuja mtu na msumeno, nusu saa tu limebaki gogo limesimama juani. Halafu mnashangaa! Pale juu panaoza, vinachipua vitawi vingi vilivyoshikilia pembeni tu, upepo ukivuma vinaangukia magari. Tawi hukatwa nje kidogo ya ule uvimbe linapoungana na shina, basi. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda. Mkiukata, mmealika kuvu.

Na saruji iliyomwagwa kuuzunguka mti hadi shingoni? Mizizi mingi hukaa kwenye sentimita 60 za juu za udongo. Itapumulia wapi? Itakunywa nini? Ikiinua lami, mti ndio unalaumiwa!

Balaa huanzia siku ya kupanda. Shimo jembamba kama la nguzo, mche umezikwa hadi kifuani, picha zimepigwa, watu wametawanyika. Shimo liwe na upana mara 2 au 3 ya donge la mizizi na udongo wake, kina kisizidi donge. Na miaka 2 ya kwanza, nani anamwagilia?